Hakuna Gari Lisiloguswa

Katika lugha ya madalali wa magari kuna neno moja ambalo ningelifuta kama ningekuwa na uwezo huo. Neno lenyewe ni "halijaguswa". Gari lina umri wa miaka arobaini, limepita katika mikono ya watu sita, limekatwa paa, limetolewa injini na kuwekwa nyingine, limepakwa rangi mara tatu, na bado anayeliuza husimama mbele ya mnunuzi akasema halijaguswa. Husema hivyo bila kupepesa macho. Na mwenye gari, ambaye mara nyingi ni mtu wa heshima, mwalimu mstaafu, mchungaji au bwana shamba wa zamani, huwa amekaa pembeni kivulini mwa mwarobaini akisikiliza uongo unaosemwa kwa niaba yake, na hafungui kinywa.

Makala hii inamhusu huyo mtu wa pembeni. Dalali simlaumu sana. Yeye anatafuta cha juu chake, kila mtu anajua hivyo, na mnunuzi mwenye akili humsikiliza kama anavyosikiliza redio ya jirani. Lakini mzee mwenye mvi anapokaa kimya, ule ukimya wake ndio unaouza gari. Mnunuzi humtazama, akajiambia: kama ingekuwa si kweli, mzee huyu angesema.

Kwanza nieleze ni magari gani ninayoyasema. Wenzetu wa Ulaya wana magari madogo ya mbio yenye paa la kukunja, ambayo huyatoa siku chache za jua na kuyatunza kama farasi. Huku uwanda wa Dodoma jua si sherehe, na barabara ya kutoka Mlali haikutengenezwa kwa ajili ya gari ambalo tumbo lake linagusa nyasi. Gari la wazi tulilolijua sisi ni Land Rover ya turubai. Wengi wa rika langu walifunzwa udereva ndani yake, wagonjwa walipelekwa hospitali ndani yake, na maharusi walipanda nyuma wakishikilia vyuma vya kuwambia turubai. Mimi nilikuwa nayo moja, ile ndefu inayoitwa 109, yaani inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Niliinunua mnadani nikiwa bado mkuu wa chuo cha ualimu, nikaitumia mpaka macho yangu yalipoanza kukataa taa za magari yanayokuja usiku.

Gari lile tangu kiwandani lilikusudiwa kuvuliwa nguo. Paa lake limefungwa kwa bolti. Sehemu ya juu ya milango inatoka. Kioo cha mbele chaweza kulazwa juu ya boneti. Nguvu yake iko katika chesisi ya chuma iliyo chini, si katika paa. Ukiliondoa paa unaondoa kivuli tu. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa sababu lilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Hapo pana hila ambayo muuzaji anaijua na mnunuzi haijui: aluminiamu haipati kutu kama chuma, basi gari huweza kuonekana kijana juu, huku chesisi inaliwa chini. Anayetaka kujua ukweli sharti alale chali mchangani na nyundo mkononi, agonge-gonge kuanzia nyuma kwenda mbele na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu chenye ufa.

Siwapingi watu wanaobadilisha magari. Nchi hii isingekwenda popote bila mafundi wetu. Nenda Arusha ukaone gereji zinazochukua Land Cruiser, zikaikata katikati, zikairefusha, zikaongeza viti na kuweka paa la kuinuka ili mgeni asimame atazame simba. Kazi ile inafanywa mchana kweupe, na mwenye kampuni ya utalii anajua nini kilikatwa na nini kiliongezwa, kwa kuwa ndicho alichokilipia. Land Rover yangu pia ilibadilishwa. Injini yake ya petroli, ile ya lita mbili na robo inayokunywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni mwezi wa Oktoba, ilitolewa, ikawekwa ya dizeli ya Kijapani. Fundi alichomelea vishikio vipya vya injini, akachonga kipande cha kuunganisha injini na giaboksi. Matairi ni makubwa kuliko yale ya kiwandani, na kwa sababu hiyo mshale wa mwendo husema uongo: ukisoma sitini, gari linakwenda zaidi ya sitini. Lakini breki zilibaki ngoma zile zile nne za zamani, zilizopangiwa mwendo wa gari la zamani. Yote hayo ni mambo ya kawaida kabisa. Kosa linaanza siku ya kuuza, mtu anapoyafanya kuwa siri.

Nitatoa mfano mmoja. Kijana mmoja niliyemfundisha, sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, alichukua mkopo unaokatwa kwenye mshahara akanunua gari dogo la Kijapani lililokatwa paa na kuwekewa turubai. Lilipakwa rangi nyekundu, likang'aa kama embe bivu. Nia yake ilikuwa kulikodisha harusini, bibi na bwana harusi wakae nyuma juu, matarumbeta yatangulie. Ni biashara nzuri, na sikuona ubaya wowote katika nia hiyo. Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye cheo na suti. Alimwambia kwamba gari lilitoka hivyo Japani.

Halikutoka hivyo Japani. Gari dogo la kawaida halina chesisi ya peke yake kama Land Rover; bodi nzima ndiyo mifupa yake, na paa ni mbavu. Kiwanda kinachotengeneza gari la aina hiyo lenye paa la kukunja huongeza vyuma sakafuni na chini ya milango ili kufidia nguvu iliyopotea. Fundi wa mtaani mwenye msumeno haongezi kitu, na akiongeza, anakisia. Baada ya miezi michache ya mashimo na matuta, gari la kijana wangu lilianza kupinda katikati. Ukilipiga jeki upande mmoja, mlango uligoma kufunga. Ukilishusha, ulifunga. Harusi ya tatu mlango ulifunguka wenyewe barabarani, na bibi harusi aliokolewa na shangazi yake aliyemkamata kiunoni. Kisha polisi wakalisimamisha kwa ukaguzi. Kadi ilisema gari jeupe, bodi ya kufungwa, injini namba fulani. Mbele yao lilisimama gari jekundu, la wazi, lenye injini ya namba nyingine kabisa. Likalala kituoni miezi mitano likingoja maelezo ya injini, na aliyekuwa na maelezo hayo, yule bwana wa suti, simu yake haikupokelewa tena. Makato ya mkopo hayakulala. Kila mwisho wa mwezi yalichukua sehemu yao katika mshahara wa mtu mwenye watoto watatu.

Nimewasimulia wazee wenzangu habari hii, na baadhi yao wamecheka pale kwa bibi harusi, halafu wakasema: "Lakini naye kijana alikuwa na macho." Hapo ndipo ninapogombana nao.

Wanasema mnunuzi ana macho, na aje na fundi wake. Ndugu msomaji, wengi wetu tunajua jinsi habari ya fundi inavyokwenda. Kijana anatoka kijijini, hajui fundi yeyote mjini, dalali anamwambia, "Nitakuitia fundi mzuri." Fundi anakuja, anafungua boneti, anaunguruma kidogo, anasema injini iko sawa, kisha jioni anachukua chake kwa yule yule aliyemwita. Na hata fundi mwaminifu hawezi kuona kila kitu. Aliyechomelea ufa, akapaka puti, akapiga rangi juu yake, ameyafunga macho ya mnunuzi kwa makusudi. Huwezi kumfunga mtu kitambaa usoni halafu ukamlaumu kwa kutokuona.

Sheria yenyewe inatofautisha mambo haya, ingawa si wengi wanaoisoma. Sheria yetu ya mauziano ya bidhaa, tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza, inambana mfanyabiashara: anayeuza vitu vya aina fulani kwa kazi, anatakiwa vitu hivyo viwe na ubora unaostahili kuuzwa. Mtu binafsi anayeuza gari lake moja hambebeshwi mzigo huo. Kwa hiyo anayenunua kwa jirani ana ulinzi mdogo kuliko anayenunua dukani, na watu wengi huamini kinyume chake. Lakini Sheria ya Mikataba inasema kwamba kuficha kwa vitendo jambo unalolijua, ili kumvuta mwenzako aingie katika mkataba, ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba huo. Kunyamaza tu, kwa kawaida, sheria inakuvumilia. Rangi juu ya ufa si kunyamaza.

Nami nasema sheria inapolegea, ndipo heshima inapotakiwa kukaza. Mfanyabiashara ana leseni yake ya kupoteza. Mimi na wewe tuna nini cha kupoteza isipokuwa jina? Kama mtu ananunua kwangu kwa sababu nilikuwa mwalimu wa mama yake, basi ualimu wangu umeingia ndani ya bei, na sina haki ya kuulipisha kisha nisiutoe.

Wanasema tena: ukitaja kila kasoro, bei itashuka. Ni kweli, itashuka. Ile tofauti iliyoshuka ndiyo fedha ambayo ungeitoa mfukoni mwa mtu bila yeye kujua, na sisi tuliokaa darasani miaka thelathini tunajua jina la kitendo hicho. Tuliwachapa watoto kwa penseli.

Jambo jingine ni hii tabia ya kulipima gari kwa herufi. Dalali haulizwi gari limetengenezwa lini. Anaulizwa ni namba gani, naye anajibu, "Namba C," au "Namba D," na bei inapanda au kushuka hapo hapo. Herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini katika mfumo huu wa namba zinazoanza na T. Haikuambii limetengenezwa lini wala limefanyiwa nini. Land Rover yangu, iliyokuwa imezeeka tayari ilipokuwa na kibao cha TZ, ilipewa kibao kipya mfumo ulipobadilika, na kwa herufi yake mtu angeweza kuifikiria mdogo wa wanangu.

Nakuja sasa kwenye kadi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa kuwa linafanywa na watu wasomi. Gari linauzwa, fedha zinahesabiwa, kadi inakabidhiwa, na jina halibadilishwi. Mnunuzi anasema atabadilisha baadaye. Anauza kwa mwingine kabla ya baadaye kufika. Kadi ile ile yenye jina la mzee wa kwanza inatembea mkono kwa mkono kama kitambaa cha harusi, pamoja na mkataba mmoja uliokunjwa-kunjwa ambao saini yake haisomeki. Siku gari likigonga mtu Gairo usiku na dereva akakimbia, jina la kwanza litakalotafutwa ni lile lililoandikwa kwenye kadi. Faini za barabarani nazo siku hizi zinaandikwa kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari. Kabla ada ya leseni ya kila mwaka haijafutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuhamishiwa kwenye mafuta, wako wastaafu waliogundua kwamba wanadaiwa miaka mingi ya ada kwa magari waliyoyasahau, ambayo pengine yalikwisha kuwa masufuria.

Kwa nini hawabadilishi? Wanakwepa malipo, na ushuru wa stempu hutokana na bei. Wengine hubadilisha, lakini huandika mkatabani bei ndogo kuliko iliyolipwa. Mnunuzi anafurahi ameokoa kidogo. Siku gari likionekana lina kasoro na akataka fedha zake, ataonyesha mkataba gani? Ametia saini kwamba alilipa nusu. Na mwenye kubadilisha injini au bodi bila kuwapeleka wakaguzi na kurekebisha taarifa za kadi amemwuzia mwenzake gari ambalo, kwa mujibu wa karatasi, halipo duniani. Bima nayo, hata ile bima ndogo ya lazima, mtu asidhani inamfuata mnunuzi kama mbwa. Aende kwa wenye bima, aseme gari ni lake sasa na limebadilishwa hivi na hivi, asije akaambiwa siku ya msiba kwamba gari walilolikatia bima ni jingine.

Sisi watu wa Kongwa tulipaswa kuwa wa kwanza kujifunza habari za mashine zilizotumika. Baba yangu alifanya kibarua kwenye mpango wa karanga ulioanza hapa mwaka 1947. Viwanda vya Uingereza havikuweza kutoa matrekta mapya ya kutosha, basi wakanunua kwa haraka mitambo iliyobaki vitani, mingine ikitoka mbali hadi Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta kwa ajili ya mpango huo, vikaitwa Shervick. Mbuyu na udongo wetu mgumu wa kiangazi havikutishwa. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha sehemu kubwa ya matrekta yale ilikuwa imelala gerejini ikingoja vipuri, na mwaka 1951 mpango mzima ulifungwa, serikali ya Uingereza ikiwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, mvua na ardhi zikiwamo. Lakini baba alikuwa akisema kwamba mitambo ile ilifika imepakwa rangi vizuri sana.

Mimi nilipoamua kuuza, nilichukua karatasi mbili za daftari nikaandika kila kitu: injini imetoka wapi na mwaka gani, kadi ilirekebishwa lini, chesisi imechomelewa mahali pawili nyuma, mshale wa mwendo si wa kuaminika, ngoma ya breki ya nyuma kushoto inavuta, gia ya pili inataka subira, turubai limeshonwa upya Kibaigwa na linavuja kwenye pembe moja mvua ikitoka mashariki. Nikaandika bei, milioni nane na nusu. Dalali aliisoma karatasi mara mbili. "Mwalimu," akaniambia, "hii si tangazo la kuuza, hii ni hati ya mashtaka." Akaomba ruhusa ya kuichana. Nikamnyima, akaondoka, na sikumwona tena mpaka leo.

Wanunuzi watatu walikuja, wakasoma, wakashukuru, wakaenda zao. Mmoja wao alinunua gari jingine la aina ile ile Dodoma mjini, kwa bei kubwa kuliko yangu, kwa sababu aliambiwa halijaguswa. Wa nne alikuwa mkulima wa alizeti kutoka upande wa Mpwapwa. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," akakaa chini, akaisoma karatasi polepole huku akifuata mistari kwa kidole. Hakuuliza herufi ya namba. Alikuwa amekuja na fundi wake mwenyewe, kaka yake, ambaye alilala chini ya gari na nyundo karibu saa nzima, akatoka na vumbi kichwani, akasema, "Ni pale pale alipoandika Mwalimu, isipokuwa na spring moja ya mbele kulia ina jani limevunjika." Hilo sikuwa nalo, kwa kuwa siku hizi siwezi kulala chini nikainuka. Tukaliongeza kwenye karatasi, tukapunguza laki mbili kwenye bei.

Asubuhi ya pili yake tulikwenda pamoja kwa wakili, tukaandika bei tuliyokubaliana, si nyingine, na ile karatasi ikaambatanishwa na mkataba, sote wawili tukiwa tumeitia saini kila ukurasa. Tukaenda ofisi ya mapato. Alilipia uhamisho, nami sikumpa ufunguo wa pili mpaka malipo yalipopokelewa na maombi ya kubadilisha jina yakawa yameingia. Alisema mimi ni mgumu kama mkaguzi wa shule. Nilimwambia nimewahi kuitwa vibaya zaidi.

Amenipigia simu mara mbili tangu wakati huo. Mara ya kwanza ilikuwa wiki ya pili, akitaka kujua kamba za turubai zinaanza kufungwa upande gani. Nilimwambia aanze upande wa dereva, nyuma, aende akizunguka.